Kichujio cha hewa: Kifaa cha bei nafuu kinachoamua maisha ya injini ya lori

MADEREVA wa malori ya masafa marefu hukagua magurudumu, breki, taa na kiwango cha oili kabla ya kung'oa nanga kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Malaba au Busia. Hata hivyo, ni wachache wanaokumbuka kasha lililo nyuma au kando ya kebini, ambamo mna kifaa kinachoamua iwapo injini itadumu miaka mingi au itakufa kabla mkopo wa lori haujamalizika kulipwa.

Kifaa hicho ni kichujio cha hewa, ambacho makanika wengi hukiita filta au ea klina. Kazi yake ni kulizuia vumbi lisiingie ndani ya injini, huku kikiiruhusu hewa ipite bila pingamizi kubwa.

Bei ya kichujio huhesabiwa kwa maelfu ya shilingi. Injini iliyoharibiwa na vumbi, ikihitaji silivu, pistoni, ringi na tabo mpya, humgharimu mwenyewe mamia ya maelfu ya shilingi, mbali na majuma ambayo lori hukaa gerejini bila kuingiza hata senti moja.

Kwa kampuni yenye malori mengi, hiyo ni hasara inayoweza kuvumiliwa. Kwa mtu mwenye lori moja alilolinunua kwa mkopo wa benki au wa Sacco, yaweza kuwa ndio mwisho wa biashara.

Injini hupumua kiasi gani?

Ili lita moja ya dizeli iungue ipasavyo, injini huhitaji takriban lita 10,000 za hewa. Kwa hakika, injini ya dizeli hufyonza zaidi ya kiwango hicho kwa kuwa imeundwa ifanye kazi ikiwa na hewa ya ziada.

Safari ya Mombasa hadi Malaba ni ya zaidi ya kilomita 900. Lori la trela lenye shehena likitumia lita 400 za dizeli katika safari hiyo, injini yake itakuwa imevuta hewa isiyopungua lita milioni nne. Chochote kinachoelea katika hewa hiyo, kiwe vumbi, masizi ya malori mengine au majivu ya mashamba yanayochomwa, hufuata njia hiyo hiyo.

Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni chembechembe za mchanga, ambao asili yake ni silika. Madini hayo ni magumu kuliko chuma cha silivu. Chembe zinazodhuru zaidi si zile zinazoonekana kwa macho, bali zile ndogo mno zisizozidi mikroni 20 hivi. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una unene wa takriban mikroni 70.

Udogo huo ndio hatari yenyewe. Baina ya ringi na silivu mna utando mwembamba sana wa oili. Chembe inayotoshea katika nafasi hiyo hukwaruza chuma pande zote mbili kila pistoni inapopanda na kushuka. Vumbi likichanganyika na oili hugeuka kuwa mfano wa ile dawa ambayo makanika hutumia kusagia vali, isipokuwa safari hii linasaga injini nzima.

Matokeo yake hayaji kwa siku moja. Ringi hulika, mgandamizo wa hewa katika silinda hupungua, na gesi za mwako hupenya hadi kwenye oili. Lori huanza kula oili, kutoa moshi wa samawati na kukataa kuwaka asubuhi za baridi. Wakati dalili hizo zinapojitokeza, hakuna kichujio kipya kinachoweza kurudisha chuma kilichokwisha kulika.

Tabo nayo haisaziki. Mapanga yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na kwa kasi hiyo punje ndogo ya mchanga huyapiga kama risasi.

Lami si kinga kamili

Mazingira ya kazi ndiyo yanayopaswa kuongoza uchaguzi wa kichujio na muda wa kukibadilisha. Lori linalobeba makasha kwenye lami kati ya Mombasa na Nairobi halikabiliwi na vumbi sawa na lori linalopeleka chakula katika barabara za changarawe za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera.

Malori yanayosomba mawe kutoka machimboni, mchanga kutoka mitoni au saruji kutoka viwanda vya Athi River huvuta vumbi jingi hata yakiwa yamesimama kupakiwa. Katika maeneo ya miwa magharibi mwa nchi, makapi na majivu huziba mdomo wa kuvutia hewa kabla hata ya kukifikia kichujio.

Msafara nao huongeza tatizo. Lori linalofuata lingine kwa karibu kwenye barabara ya vumbi hupumua wingu lote lililotimuliwa na mwenzake. Dereva anayeacha nafasi ya kutosha mbele yake huwa anakinga macho yake na injini yake kwa wakati mmoja.

Aidha, kuna suala la miinuko. Barabara ya kuelekea mpakani hupanda kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu za Timboroa, zaidi ya mita 2,500, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Pwani. Lori lenye kichujio kilichoziba linaweza kuonekana zima Mariakani, lakini likaanza kutoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu likikwea huko.

Ndani ya kasha mna nini?

Malori mengi makubwa yana mfumo wa hatua mbili au tatu. Kwanza kuna kitenganisha vumbi, ambacho huizungusha hewa kwa kasi ili chembe nzito zirushwe pembeni na kuanguka. Chembe hizo hutoka kupitia mdomo wa mpira ulio chini ya kasha.

Hatua ya pili ni kichujio kikuu, ambacho aghalabu ni karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi ili kupata eneo kubwa katika nafasi ndogo. Karatasi hiyo hutiwa gundi maalumu inayoipa nguvu ya kustahimili unyevu na mtikisiko.

Hatua ya tatu, katika malori yaliyo nayo, ni kichujio kidogo cha ndani, ambacho ni cha usalama. Hicho hakikuwekwa ili kuchuja vumbi la kila siku. Kazi yake ni kuilinda injini iwapo kile kikuu kitapasuka, na pia kuzuia uchafu usidondoke ndani wakati kichujio kikuu kinapobadilishwa.

Wapo madereva ambao hukiondoa kichujio hicho cha ndani wakidai kwamba kinalinyima lori pumzi. Ni sawa na mtu kung'oa kufuli la mlango wa nyumba kwa sababu linamchelewesha kuingia.

Jinsi ya kuchagua

Jambo la kwanza ni nambari ya kipuri. Kila modeli ya injini ina kichujio kilichopimwa kulingana na kiasi cha hewa inachovuta. Nambari hiyo hupatikana katika kitabu cha lori au kwenye kichujio cha awali, na muuzaji mwaminifu anaweza kuonyesha nambari inayolingana ya mtengenezaji mwingine. Kichujio kinachotoshea kwenye kasha si lazima kiwe ndicho kinachofaa. Kinaweza kulingana kwa urefu na upana lakini kikawa na karatasi kidogo zaidi ndani yake.

Jambo la pili ni uwezo wa kuchuja, na hapa hesabu ndogo huzaa tofauti kubwa. Kichujio chenye uwezo wa asilimia 99 huonekana kana kwamba kinakaribiana na chenye asilimia 99.9. Lakini kilo moja ya vumbi ikifika kwenye vichujio hivyo, cha kwanza kitaachilia gramu 10 ziingie katika injini ilhali cha pili kitaachilia gramu moja tu. Tofauti ni mara kumi. Watengenezaji wanaojali jina lao huvipima vichujio vyao kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 5011, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Jambo la tatu ni sili, yaani ile sehemu ya mpira inayobana kati ya kichujio na kasha. Karatasi bora kabisa haina faida iwapo hewa inapita kando yake. Sili inapaswa kuwa laini, yenye kurudi katika umbo lake inapobonyezwa kwa kidole, na isiwe na nyufa wala viputo.

Kwa malori yanayoishi vumbini, vipo vichujio ambavyo karatasi yake imepakwa utando wa nyuzi nyembamba mno. Utando huo hulizuia vumbi juu ya karatasi badala ya kuliacha lizame ndani, hivyo kichujio huchuja vyema tangu siku ya kwanza na huchelewa kuziba. Bei yake ni ya juu, lakini huenda ikajilipa kwa lori la machimboni. Kwa lori lisilotoka kwenye lami, kichujio cha kawaida chenye ubora uliothibitishwa kinatosha.

Tahadhari ya bidhaa ghushi

Bunge lilipitisha sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi mwaka 2008, lakini vipuri bandia havijaisha sokoni. Kichujio ni rahisi kuigizwa kwa kuwa siri yake imo ndani ya karatasi, na karatasi mbaya haijitangazi.

Hata hivyo, zipo ishara ambazo mnunuzi katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, au katika duka lolote la vipuri anaweza kuziangalia. Mikunjo ya kichujio halisi huwa na nafasi sawa na haichezi inapoguswa. Gundi huwa imeenea sawasawa kwenye ncha zote mbili. Wavu wa chuma haubonyei kwa urahisi, na nambari iliyo kwenye kichujio ni ile ile iliyo kwenye boksi.

Kichujio kikiwa chepesi kuliko cha awali, kikiwa na mikunjo michache, au kikiuzwa kwa bei isiyoaminika, mnunuzi ana sababu ya kusita. Isitoshe, risiti yenye jina la duka na nambari ya kipuri ndiyo silaha ya pekee aliyo nayo iwapo bidhaa itageuka kuwa bandia.

Kibadilishwe lini?

Hapa ndipo makosa mengi hutendeka, na si yote yanatokana na uvivu. Wapo wanaochelewa kubadilisha, na wapo wanaobadilisha mapema mno wakidhani wanaisaidia injini.

Ukweli ni kwamba kichujio cha karatasi huchuja vizuri zaidi kikiwa kimeshatumika kwa muda. Vumbi la kwanza likikaa juu ya karatasi hujenga tabaka linalosaidia kunasa chembe ndogo zaidi. Kichujio chenye rangi ya udongo, kwa hivyo, si lazima kiwe kimekwisha. Macho si kipimo cha kutegemewa.

Kipimo cha kutegemewa ni geji ya kizuizi cha hewa. Malori mengi huwa nayo kwenye paipu kati ya kichujio na tabo, au huwa na taa ya onyo kwenye dashibodi. Geji hupima jinsi injini inavyolazimika kuvuta kwa nguvu ili ipate hewa. Kwa injini nyingi za dizeli zenye tabo, kikomo ni takriban kilopaskali 6, sawa na inchi 25 za maji, lakini takwimu ya mwisho ni ile iliyo katika kitabu cha lori husika.

Geji inapofika kwenye alama nyekundu, kichujio kibadilishwe. Iwapo haijafika, ni vyema kasha liachwe lilivyo, isipokuwa muda wa juu uliowekwa na mtengenezaji umepita. Kila linapofunguliwa bila sababu, vumbi hupata mwanya wa kuingia, na sili huchakaa.

Kuna onyo jingine ambalo wengi hawalitambui. Iwapo lori limefanya kazi vumbini kwa miezi mingi na geji haijasonga hata kidogo, hiyo si habari njema. Huenda geji imekufa, au huenda hewa inapita kando ya kichujio kupitia paipu iliyopasuka.

Mazoea yanayoua injini

Zoea lililoenea zaidi ni kukigongagonga kichujio kwenye gurudumu au ardhini ili vumbi litoke. Kipigo hicho hupinda wavu wa chuma, huharibu sili na kupasua karatasi katika mikunjo ambako jicho halifiki. Dereva huondoka akiamini kuwa amesafisha kichujio, kumbe amekitoboa.

La pili ni kukipuliza kwa hewa ya kompresa. Watengenezaji wengi hawalipendekezi jambo hilo kamwe. Pale linaporuhusiwa, hewa haipaswi kuzidi pauni 30 kwa inchi mraba, hupulizwa kutoka ndani kuelekea nje, na mdomo wa bomba haugusi karatasi. Kompresa nyingi za mitaani zinazojaza magurudumu ya malori huwa na nguvu mara kadhaa ya kiasi hicho.

Kuosha kichujio cha karatasi kwa sabuni, petroli au dizeli huondoa gundi inayoipa karatasi nguvu, na dizeli inayobaki ndani inaweza kushika moto. Kichujio cha ndani nacho hakisafishwi kwa njia yoyote. Ama ni kizima, ama kinatupwa.

Baya kuliko yote ni kuendesha lori bila kichujio "hadi mji ulio mbele". Kilomita chache za barabara ya vumbi zinatosha kuanzisha madhara ambayo mwenye lori atayalipia miezi kadhaa baadaye, bila kujua yalitoka wapi.

Hatua za kubadilisha

Kwanza, injini izimwe na lori liegeshwe mahali pasipo na upepo wa vumbi. Ikiwa ni lazima kebini iinuliwe, ihakikishwe imefungwa barabara kabla ya mtu kuingia chini yake.

Pili, kasha lipanguswe nje kabla ya kufunguliwa, ili uchafu ulio juu ya kifuniko usiangukie ndani.

Tatu, kichujio kikuu kitolewe polepole kwa kukizungusha au kukiyumbisha kidogo hadi sili iachie. Kikivutwa kwa nguvu na kugonga ukuta wa kasha, vumbi lililokuwa limenaswa hupeperuka.

Nne, kichujio kilichotolewa kichunguzwe. Mstari wa vumbi kwenye upande wa ndani, ulio safi, ni ushahidi kwamba sili haikuwa ikibana au karatasi imetoboka. Iwapo vumbi limepita, kichujio cha ndani nacho kibadilishwe, na paipu ya kuelekea kwenye tabo ikaguliwe.

Tano, ndani ya kasha mpanguswe kwa kitambaa safi chenye unyevu, wala msipulizwe kwa kompresa. Kichujio cha ndani kibaki mahali pake wakati wa kazi hiyo. Mahali ambapo sili hukalia pasafishwe kwa uangalifu wa pekee, kwani punje moja ya mchanga hapo yatosha kuacha mwanya.

Sita, mdomo wa mpira ulio chini ya kasha ukaguliwe. Ukiwa umeziba, vumbi litajaa na kumlemea kichujio mzigo usio wake. Ukiwa umepasuka au umepotea, kitenganisha vumbi hakitafanya kazi. Ni kipuri cha bei ndogo mno, lakini bila hicho kichujio kikuu huziba mapema kuliko inavyostahili.

Saba, kichujio kipya kikaguliwe kwa kumulika taa ndani yake, kisha kiingizwe kwa kukisukuma kwenye ukingo wake wa nje, si katikati. Kifuniko kisitumiwe kama nyundo ya kukisukuma kichujio ambacho hakijaingia sawasawa. Kifuniko kikikataa kufunga, tatizo liko ndani.

Nane, vibano vyote vya kifuniko vifungwe, na paipu za mpira pamoja na klipu zake zikaguliwe hadi kwenye tabo. Ufa katika sehemu hiyo huvuta vumbi moja kwa moja, bila kupitia kichujio chochote.

Mwisho, geji irudishwe kwenye sufuri, na tarehe pamoja na kilomita ziandikwe kwenye kichujio na katika daftari la lori. Kichujio cha ndani hubadilishwa kila kichujio kikuu kinapobadilishwa mara ya tatu, au kulingana na maagizo ya kitabu.

Maji na uhifadhi

Msimu wa mvua una hatari yake. Karatasi iliyolowa hupitisha hewa kwa shida na inaweza kuraruka. Katika kaunti za kaskazini, dereva anayejaribu kuvuka laga iliyofurika huhatarisha zaidi ya kichujio, kwa kuwa maji yakifika ndani ya silinda, pistoni haiwezi kuyagandamiza na vyuma vinavyoishikilia hupinda.

Kichujio cha akiba nacho kihifadhiwe katika boksi lake, mahali pakavu. Kile kinachobebwa uchi nyuma ya kiti, kikibonyezwa na jeki na spana, huwa kimeharibika kabla hakijatumika.

Oili husema kweli

Mwenye malori anayetaka uhakika zaidi anaweza kupeleka sampuli ya oili iliyotumika kwenye maabara wakati wa kufanya savisi. Kiwango cha silikoni kikipanda sambamba na kile cha chuma, hiyo ni ishara kwamba vumbi linaingia na injini inalika. Ishara hiyo huja mapema, kabla ya moshi na kabla ya nguvu kupungua, wakati ambapo kukaza klipu au kubadilisha sili kungali kunatosha.

Wenye kutumia njia hiyo ni wachache, lakini si lazima mtu aanze na maabara. Anaweza kuanza na daftari, geji inayofanya kazi, na amri moja kwa dereva na utingo wake: kichujio kisigongwe, kisioshwe, na kasha lisifunguliwe ovyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini ya lori, ufa huo ni mwanya ambao hata wembe haupiti, na ukuta wake ni injini nzima.